Biwi la Kajificheni Lililokataa Kuoza

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955, saa nne asubuhi, Bwana Afya alitia mkono ndani ya biwi la Bi Kidawa huko Kajificheni, akautoa, akasema: "Baridi." Biwi hilo lilikuwa chungu ya majani, maganda ya muhogo, jivu, mavi ya ng'ombe na mabaki ya jikoni, iliyopangwa tabaka kwa tabaka ili ioze iwe mbolea. Lilikuwa ndani ya gofu lililo ubavuni mwa nyumba yake, ambalo ukuta wake wa mbele umeporomoka ukabaki kimo cha kiuno. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo inapoishia baraza ya mawe ya nyumba yake, na juu ya baraza hiyo, kila siku baada ya alasiri, hukaa wanaume watatu na dele moja la kahawa. Bwana Afya alisema maneno yake kwa sauti, mtaa mzima ukayasikia. Biwi lenye moto ni mbolea, na mbolea haina kosa. Biwi la baridi ni jaa, hufuga panya na mende, na jaa halikai mjini. Atarudi Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Akilikuta bado baridi, gari la taka litalizoa, na hapatakuwa na biwi jingine pahala hapo.

Bi Kidawa ni mjane. Hutunga vikuba vya asumini kwa maharusi na kwa wanawake wanaotaka kunukia jioni, na kwa kazi hiyo anakula. Miti yake ya asumini imo ndani ya gofu hilo hilo, katika udongo wa chokaa na vifusi. Tangu mwaka uliopita majani yake yalikuwa manjano na maua yakawa machache. Mwezi wa Februari alikwenda Bububu kwa dada yake, Mwatum, akamkuta Bwana Shamba anawafundisha wanawake kupanga biwi. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudi mjini, akaanza.

Wanaume wa baraza walikuwa hawa. Machano, aliyeitwa Hakimu, alikuwa tarishi wa korti kwa miaka mingi, na baada ya kustaafu aliendelea kutoa hukumu. Jecha aliitwa Redio kwa sababu kila alichokisikia redioni alikiongezea. Shaame, mpimaji katika ghala la karafuu Malindi, aliitwa Nahodha kwa sababu hutapika ndani ya meli ya Pemba kabla haijang'oa nanga. Muuza kahawa, Duni, hakuwa na jina la utani. Yeye ndiye aliyewapa wenzake.

Alhamisi ya wiki ya pili, baada ya alasiri, Duni alimimina kikombe cha kwanza.

— Kuna habari gani ya marehemu?

— Nani kafa? — Jecha alishtuka.

— Biwi.

— Biwi halijafa, — alisema Machano. — Lingekufa lingeoza. Ndiyo kesi yenyewe hiyo. Mshtakiwa amekataa kufa.

— Mie nimetia mkono leo asubuhi, — alisema Shaame. — Baridi kama pua ya paka.

— Umeutia mpaka wapi?

— Mpaka kwapani, yakhe. Nkatoa ganda la ndizi. Lile lile la mwezi uliopita. Ungemkuta mwenye ndizi ungemrejeshea akalivaa.

Dirisha la Bi Kidawa liko juu ya baraza. Lina pazia, na pazia hilo halijapata kumzuia mtu kusikia.

— Masalkheri, — ilitoka sauti yake.

— Masalkheri, Bi Kidawa, — waliitikia wote, wakakaa vizuri.

— Ndizi nshaijua. Niambieni nfanye nini. Bwana Afya anarudi Jumatatu.

Machano aliweka kikombe chini.

— Kwanza tujue sababu. Hukumu haitangulii ushahidi. Gofu hili la nani?

— La warithi, — alisema Duni.

— Warithi wangapi?

— Hawajulikani. Wengine wako Maskati.

— Na kesi yao imekwisha?

— Haijesha.

— Basi! Mali iliyo mbele ya korti ina amri ya zuio. Mtu asibomoe, asiuze, asiharibu. Na kuoza ni kuharibika. Biwi limetii amri, nyinyi mnalilaumu.

— Na huu ukuta mbona umeanguka? — Duni aliuliza.

— Ukuta ulianguka kabla kesi haijafunguliwa.

— Hakimu, wewe ungekuwa korti kweli watu wangehamia Mombasa, — alisema Jecha. — Mie ntakwambieni sababu. Nlisikia redioni. Wazungu wametia bomu huko baharini, mbali kabisa. Moshi umepanda, umeingia mawinguni. Mvua ya wingu lile ikikinyeshea kitu, hakiozi miaka mia.

— Redio ilisema hivyo?

— Redio ilisema bomu. Mengine ni akili.

— Mbona papai langu limeoza jana?

— Papai lako lilikuwa kabatini. Halikunyeshewa.

Shaame alitikisa kichwa kama mtu anayewahurumia watoto.

— Mnazunguka mbuyu bure. Kila gofu lina mwenyewe. Na mwenyewe si mtu. Jini kaumbwa kwa moto, sio? Basi chakula chake nini? Usiku anakuja, anakaa juu ya biwi, anaunywa ule moto mpaka tone la mwisho, kama Jecha na kahawa ya mwenzake.

— Kahawa ya nani nimekunywa?

— Yangu. Sasa hivi. Hicho kikombe changu.

Jecha alikitazama kikombe, akakirudisha.

— Dawa yake nyepesi, — Shaame aliendelea. — Tumuwekee makaa kwenye chetezo pale pembeni. Akishiba makaa, ataliacha biwi lipate moto wake.

— Shaame, — alisema Bi Kidawa kutoka juu, — nimekaa na gofu hili tangu nnaolewa. Kilichotoka humo ni panya na mpira wa watoto.

Duni aliinuka. Aliosha vikombe, akavipanga, akasema bila kumtazama mtu:

— Mie naona kosa ni langu.

— Lako wewe?

— Kila magharibi namwaga machicha ya kahawa ndani ya biwi. Bi Kidawa kaniruhusu. Sasa nifikirieni. Kuoza ni nini? Kuoza ni kitu kulala. Kinalala, kinalegea, kinakuwa udongo. Na kahawa inafanya nini? Inaondoa usingizi. Biwi hilo halikukataa kuoza, jamani. Liko macho.

Jecha alijishika shavu, akalibonyeza.

— Hapo kuna neno, — alisema Shaame. — Mie nnakunywa kahawa yako tangu vita havijesha na bado mzima.

— Mzima wapi? — alisema Machano. — Mtu anatapika meli ikiwa imefungwa gatini! Hapana, sikilizeni. Wazee wetu walishamaliza. Walisema nini? Akiba haiozi. Bi Kidawa!

— Naam.

— Siku ile ulipoliweka biwi, ulitia nia gani?

— Nlisema nnaweka akiba ya mbolea, masika yakianza niwe nayo.

— Mwamsikia! Kalitilia nia ya akiba. Litaozaje? Libadilishie nia, bibi. Sema unalitupa.

— Na wazee hao hao, — alisema Jecha, — walisema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tuko wengi hapa. Tumelikodolea macho kila siku. Litaharibika saa ngapi? Tuhameni. Wiki moja tu, tukakae kule kwenye kona ya fundi baiskeli.

Pendekezo hilo halikupata wa kuliunga mkono. Kona ya fundi baiskeli haina kivuli.

— Au tufanye la samaki, — alisema Duni. — Samaki mmoja akioza wote wameoza. Sokoni hakosi mmoja aliyeharibika sawasawa. Tukimtia katikati, ataliambukiza biwi zima.

— Msinitajie samaki! — Bi Kidawa alisema kwa haraka hata pazia likatikisika. — Samaki ndiye aliyenipeleka kwa Bwana Afya.

Ilikuwa kweli. Bwana Shamba alisema matumbo ya samaki kidogo tu, yafukiwe katikati. Bi Kidawa, kwa hamu ya kuona biwi linakwenda mbio, alitia beseni zima. Wiki ya kwanza biwi lilipata moto, likatoa na harufu iliyofika mpaka ghorofa ya tatu ya nyumba ya jirani. Huko mtu mmoja alifunga madirisha, akaenda kushitaki.

— Lakini harufu yenyewe haikukaa, — Bi Kidawa aliendelea. — Siku chache tu ikakatika, kama mtu kafunga mlango. Nkashukuru. Nkasema Mungu kanisitiri. Sasa harufu haipo, na moto nao haupo.

Machano alitazama paa la nyumba ya mbele. Jecha alifunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

— Si ulete udongo kutoka shamba, uachane na biwi? — alisema Shaame baadaye kidogo.

— Nshaleta. Mapakacha kwa mapakacha kutoka kwa Mwatum. Mvua ikinyesha unashuka chini ya mawe, unapotea. Bwana Shamba kasema ardhi ya chokaa inataka mbolea iliyooza, ndiyo inayoushika udongo na maji. Asumini hii kaipanda mamangu. Alipokuwa hawezi kusimama aliimwagilia amekaa. Ikifa, mie ntatunga nini? Majani ya mpera? Na mfungo ukikaribia ndo harusi zinaandamana, kila siku naletewa mtu kuuliza vikuba. Nnawaambia njooni kesho. Kesho gani?

Wakati huo mtu mmoja alitokea kwenye uchochoro wa upande wa msikiti. Alivaa kanzu na kofia iliyodariziwa, mkononi ana pakacha la viazi vitamu. Alikuwa ameshapita mbele ya baraza mara mbili kabla ya hapo.

— Assalaam alaykum.

— Waalaykum salaam. Umepotea, bwana?

— Mie sikupotea. Mji ndo unaohamahama. Nnaitafuta nyumba ya binti yangu, Biasha. Kaolewa huku na fundi cherehani. Naitwa Makungu, natoka Bwejuu. Nimeshuka garini tangu adhuhuri.

Machano alimwambia aende kulia. Jecha alimwambia aende kushoto. Shaame alimwambia arudi alikotoka, aanze upya.

— Kaa kwanza, — alisema Duni. — Hawa wakikuelekeza utafika Bwejuu.

Makungu alikaa mwisho wa baraza, karibu na ukuta wa gofu, akapokea kikombe. Alikinywa chote. Kisha alivuta pumzi kwa pua, akageuza kichwa, akavuta tena.

— Samahanini, — alisema. — Hapa karafuu mnaanika wapi?

Wanaume wa baraza waliinamia vikombe vyao.

— Nnauliza tu. Kwetu hapana mkarafuu hata mmoja, sie watu wa nchi ya mawe. Lakini harufu yake naijua kwa jino. Nlikuwa na jino huku nyuma, linaoza, usiku silali. Mamake Biasha kanitilia karafuu, nkaibana hapo siku kadhaa. Harufu ndo hii hii.

— Na jino? — Bi Kidawa aliuliza kutoka dirishani.

Makungu alitazama juu, akainamisha macho kwa heshima.

— Liliacha, bibi. Liko hapa mpaka leo. Halisemi kitu.

— Liliacha kuuma au kuoza?

— Yote mawili.

Pazia lilifunguka kabisa.

— Machano!

— Naam.

— Mgeni kauliza karafuu zinaanikwa wapi.

— Naam.

— Mjibu.

Machano aliinua kikombe kinywani. Kilikuwa kitupu. Alikinyoosha kwa Duni. Duni aliliinamisha dele, likatoa matone na machicha.

— Kahawa imekwisha, — alisema Duni, kwa sauti ya mtu anayetamani isingekwisha.

Mlango ulifunguliwa. Bi Kidawa alitoka na buibui lake, akapita mbele yao, akaingia ndani ya gofu. Alifunua makuti yaliyolifunika biwi, akachimba kwa mkono. Aliporudi aliweka juu ya ukuta konzi ya vitu vyembamba, vya rangi ya kahawia: makonyo, vile vishina vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Yalikuwa makavu na mazima. Vumbi la karafuu lilimjaa kiganjani.

— Haya yamekuja kwa miguu yao?

— Kwa mujibu wa sheria, — alisema Machano, — mshtakiwa halazimishwi kujitia hatiani.

— Machano!

— Naam.

— Nani?

Shaame ndiye aliyekohoa kwanza.

— Bi Kidawa, mie ghalani huruhusiwa kuchukua yanayofagiwa. Nyumbani ninalo gunia. Wiki ile ya... wiki ile ya samaki... nlitia gao moja, ujazo wa kiganja. Usiku, nkitoka msikitini. Mtu hamwambii mwenye nyumba kwamba kwake kunanuka. Utamwambiaje? Mtu hupeleka kitu cha kunukia, akanyamaza.

— Gao moja haliwezi kufanya hivi.

— Nlitia gao moja kila usiku.

Jecha alitazama miguu yake.

— Mie nlimuomba Shaame makonyo ya kufukizia mbu. Nusu nlifukizia.

— Na nusu?

— Nusu iko mbele yako.

— Kanda moja, — alisema Machano, ghafla.

— Kanda!

— Kanda dogo la ukindu. Nlimuomba Shaame, nkamwambia ya mke wangu. Nlisema nikinyamaza mie, mwanamke wa watu atapelekwa kortini. Korti naijua mie.

Shaame aligeuka.

— Kumbe mlikuwa mnanimaliza gunia wote kwa ajili ya biwi moja?

Duni alikuwa amesimama na dele tupu mkononi.

— Na mie, — alisema. — Wateja walikuwa wanakunywa huku wameziba pua. Nikasaga kabisa, nikatia unga wake. Nlidhani niko peke yangu.

— Sote tulidhani, — alisema Jecha.

Bi Kidawa alikaa juu ya ukuta. Walisubiri awatukane. Mabega yake yalianza kutikisika, na Makungu, aliyekuwa karibu naye, alidhani analia, akataka kumpa pole.

— Na mie nlitia, — alisema Bi Kidawa.

— Wewe?

— Si nyinyi! Nawaona kutoka dirishani, mmekaa mmejiziba pua, mnajidai mnajikuna. Nkaona aibu. Hawa wageni wangu wa kila siku, heshima yangu iko wapi? Nkamuomba mke wa Shaame makonyo. Kikapu kizima. Nkafukia.

Kicheko kilianzia kwa Duni. Kilipofika kwa Machano kilikuwa kimeshasikika uchochoro wa pili. Mtu wa ghorofa ya tatu alifungua dirisha, akatazama, akalifunga.

— Kesi imekwisha, — alisema Machano, akijifuta macho. — Washtakiwa watano, na wote mashahidi wa serikali.

— Haijesha, — alisema Bi Kidawa. Alikuwa ameshaacha kucheka. — Jumatatu iko pale pale. Kesho mkitoka kuswali Ijumaa, kila mtu aje na ungo.

— Ungo? — alisema Jecha. — Sisi?

— Mlipoyatia mlikuwa wanaume. Mkiyatoa mtabaki wanaume.

Duni alimchukua Makungu, akampeleka mpaka mlangoni kwa Biasha. Nyumba ilikuwa ya nne kutoka hapo.

Ijumaa mchana wanaume watatu na muuza kahawa waliingia ndani ya gofu wamekunja kanzu. Shaame alikuja na nyungo mbili za mkewe pamoja na onyo kwamba zikitoboka asirudi. Biwi lilibomolewa lote. Kilichokuwa na makonyo kilipepetwa, kilichokuwa na vumbi la karafuu kilitengwa kando, na Bi Kidawa alisimama katikati akiamrisha.

— Ungo hauzungushwi kama usukani, Nahodha. Urushe. Juu! Uache upepo ufanye kazi.

— Upepo unanirudishia machoni.

— Basi geuka. Bahari umeisomea wapi wewe?

— Hakusoma, — alisema Jecha. — Alipewa cheti cha kutapika.

— Jecha, hilo ni konyo unalolirudisha.

— Hili ni kijiti.

— Kinuse.

Jecha alikinusa, akakitupa upande wa pili.

Machano alikaa chini, akachambua kimoja kimoja kama mchele, na ndiye aliyefanya kazi kuliko wote. Duni alikwenda Darajani kwa wenye magari ya ng'ombe, akarudi na mavi mabichi mapakacha mawili, watu wakimpisha njia nzima. Biwi lilipangwa upya kama Bwana Shamba alivyofundisha: majani na maganda, kisha mavi, kisha udongo na jivu kidogo, kisha majani tena, kila tabaka likinyunyiziwa maji mpaka lilowe lisitiririke. Matumbo ya samaki hayakutiwa. Katikati walichomeka fimbo ndefu. Fimbo hiyo ikitolewa, mtu huishika ncha, akajua hali ya ndani.

Jumamosi asubuhi fimbo ilikuwa baridi. Jumamosi jioni ilikuwa baridi. Siku hiyo kwenye baraza hakuna aliyeleta nadharia.

Jumapili baada ya alfajiri Jecha aliitoa fimbo, akaishika, akapiga kelele.

— Vuguvugu! Wallahi vuguvugu!

— Lete, — alisema Shaame. — Mbona siyo? Hii imepata joto la mkono wako. Unaikumbatia kama mchumba.

— Nimeishika kidogo tu.

— Irudishe. Asiishike mtu mpaka adhuhuri.

Adhuhuri aliitoa Machano, kwa kuwa ndiye aliyekubalika na pande zote. Aliishika ncha, akafumba macho. Aliirudisha ndani taratibu.

— Korti inaahirisha, — alisema. — Lakini mshtakiwa ana homa.

Usiku ule ilinyesha mvua. Jumatatu, tarehe 28 Machi, jua lilipochomoza, mvuke mweupe ulikuwa unatoka kwenye makuti ya biwi na kupanda juu ya ukuta wa gofu. Shaame alisema ni jini anahama.

Bwana Afya alifika saa tatu na nusu. Aliwakuta wanaume watatu na Duni barazani saa ambayo si yao, na Bi Kidawa amesimama kizingitini. Aliingia ndani ya gofu, akafunua makuti, akainama akanusa. Aliitoa fimbo, akaishika ncha, akaihamishia mkono wa pili. Kisha alitia mkono ndani ya biwi na kuutoa upesi.

— Moto, — alisema.

Alizunguka biwi kutafuta matundu ya panya. Hakuyaona.

— Likae. Lipinduliwe kila baada ya wiki mbili, na liwe limefunikwa.

— Inshallah, — alisema Bi Kidawa. Alikaa papo hapo kizingitini.

Bwana Afya alikuwa amekwisha toka nje ya gofu. Alisimama mbele ya baraza.

— Wiki mbili zilizopita lilikuwa limekufa hili. Lilikuwa na nini?

Walitazamana. Shaame alimtazama Jecha. Jecha alimtazama Duni. Duni alianza kumimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

— Lilikuwa na adabu nyingi mno, bwana, — alisema Machano.

Bwana Afya alingoja maelezo zaidi. Hakuyapata, akaenda zake. Alipopotea kwenye kona, Bi Kidawa aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sahani ya vitumbua vya moto, akaiweka juu ya baraza. Wanaume hao walikula bila kuzungumza, jambo ambalo kwao halijapata kuonekana.

Mjadala wa sababu haujesha. Machano anashikilia kwamba ni makonyo, kwa ushahidi wa jino la Makungu. Jecha anasema ni mavi mabichi ya Darajani, na kwamba makonyo yamesingiziwa. Duni ameacha kumwaga machicha ya kahawa ndani ya gofu, kwa tahadhari. Lililothibitika ni kwamba makonyo yalipotolewa na biwi likapangwa upya, lilipata moto, na moto huo haukukatika mpaka mwezi wa Mei.

Mwanzoni mwa Juni Bi Kidawa alilifungua. Ndani mlikuwa na udongo mweusi, wa kuvunjika mkononi, usio na harufu ya samaki wala ya karafuu. Aliutia wote kwenye mashina ya asumini, akafunika kwa majani makavu. Siku ya Idi ya mfunguo tatu alichuma maua tangu alfajiri, akatunga vikuba, akaviweka kwenye sinia mlangoni. Kabla ya adhuhuri vilikuwa vimekwisha.